Mtu anakopa pesa kwa jina langu

SWALI: Shangazi, habari. Nina miaka 17, naishi Umoja. Jumapili, akaunti ya rafiki yangu wa kwaya iliniomba nambari ya tarakimu 6 iliyoingia kwa simu yangu, eti imetumwa kimakosa. Nikampa. Sasa WhatsApp imenitoa, na kuna mtu anakopa watu akijifanya mimi. Leo asubuhi mama mmoja wa chama cha mamangu amemtumia shilingi 2,000. Mama hajui.

SHANGAZI: Anza na huyo mama wa chama. Aufowadi ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sasa hivi, aombe pesa zirudishwe. Mwizi akishazitoa, kuzipata ni shida. Kisha mwambie mamako leo, kabla hajasikia kwenye mkutano wa chama. Atafoka, hilo halina dawa, lakini ni yeye atakayewapigia wenzake wasitume zaidi.

Akaunti yenyewe si kazi kubwa. Sajili laini yako upya kwenye WhatsApp, ingiza nambari mpya itakayokuja kwa SMS, na mwizi atatolewa papo hapo. Ukiulizwa PIN usiyoijua, ameiweka yeye: utangoja siku 7, ila naye hataweza kuitumia akaunti. Ukirudi ndani, weka PIN yako ya uthibitishaji wa hatua mbili, uangalie vifaa vilivyounganishwa na uondoe usichokitambua.

Na yule rafiki wa kwaya mpigie simu, usimwandikie. Nadhani yeye ndiye aliyeibiwa kwanza.