Ukurasa wa man unapopingana na amri yenyewe
Umeuliza kwa nini ukurasa wa man, yaani mwongozo wa amri kwenye mifumo kama Unix, unataja chaguo (mfano -f) ambalo amri inalikataa. Mara nyingi msimbo ulibadilishwa, maelezo yakaachwa kwa baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Badiliko la msimbo na la ukurasa viingie katika komiti moja, yaani rekodi moja ya mabadiliko. Mkaguzi akatae kimoja kikija peke yake. Kwa kurasa zilizoandikwa kwa mdoc, mfumo wa makro (alama za kupanga maandishi) wa kurasa za man, endesha `mandoc -T lint amri.1`: inanasa makosa ya makro, ila haijui kama chaguo lipo kweli. Hapo fungua msimbo, tazama herufi zilizopewa getopt (kitendaji kinachosoma chaguo za amri), mfano "af:n". Kila herufi iwe na maelezo, na f, kwa sababu ya nukta mbili, ioneshe thamani inayohitaji. Maana ikibadilika, sasisha tarehe ya ukurasa kwenye mstari wa `.Dd`.