Unafundisha kuhakiki programu kwa lojiki? Ubao uache kwanza

Mwaka wa kwanza nilipopewa hili somo nilianza kama nilivyofundishwa mimi, ubao mzima alama za seti na "kwa kila x", kufika wiki ya tatu kule nyuma watu wanachati tu na mbele wamebaki walewale wanne. Siwalaumu, hata mi enzi zangu nilisinzia.

Siku hizi naanza na Alloy, ile ya kina Daniel Jackson wa MIT, unaiandikia kanuni zako nayo inatafuta mfano unaozivunja na kukuchorea. Ni faili moja tu, Java ikiwepo kwenye laptopu inawaka, unawarushia kwa flashi darasa zima wanayo (na bando zetu hizi hilo si jambo dogo). Nawapa kitu wanachokijua, masomo ya chuo, kwamba hili husomi mpaka ufaulu lile. Mistari michache, wanabonyeza, Alloy inawachorea somo lenye mshale unaotoka na kurudi palepale, yaani ili usome Hesabu 2 uwe umeshafaulu Hesabu 2. Vicheko. Wanaziba kwa kuongeza kanuni ya kukataza hilo, wanabonyeza tena, sasa A inadai B na B inadai A. Wanaziba. Inakuja ya masomo matatu, wanaziba nayo, Alloy inasema hamna kosa, makofi.

Hapo sasa usiwe na haraka. Alloy usipoiambia kitu inajaribu mpaka vitatu tu vya kila aina. Weka 4, bonyeza, mduara wa masomo manne huo hapo. Kimya. Wanauliza wenyewe sasa tutaziba mpaka lini, ndo unawatolea kile kialama ^ kinachofuata mishale mpaka mwisho wa njia, mstari mmoja umemaliza kazi. Mwaka ule wa ubao nilikifundisha hichohicho saa nzima na hamna aliyejali.

Dafny, lugha ya kuandikia programu inayokagua yenyewe kama programu iko sahihi, iwe ya baadaye. Ni nzuri sana ila kwenye lupu inataka uandike kauli inayobaki kweli kila mzunguko, ukikosa inakwambia tu haijathibitika, mchoro hamna, mwanafunzi anavuruga programu iliyokuwa sawa kumbe kilichopungua ni ile kauli. TLA+ ya Leslie Lamport, lugha ya kueleza mfumo na kuukagua, wape wanaopenda mifumo ya seva nyingi, waambie Amazon waliitumia kwenye S3 na DynamoDB, huduma zao za kuhifadhi data, ubishi unaisha.

Na mtihani usiwe wa kukariri sintaksia. Mi niliwahi kutunga huo, karibu wote wakafaulu, wiki iliyofuata kwenye labu nikaulizwa "mwalimu, hii inafunguliwaje?"