Kibofu chenye pupa: majibu ya wiki hii

Wiki hii maswali karibu yote ni ya mkojo. Nimeyaacha kama yalivyokuja.

Shikamoo daktari. Nina miaka 46, nauza samaki Mikindani. Nabanwa ghafla, nikikawia kidogo khanga inalowa. Kwa siku naenda chooni hata mara 12. Nimetibiwa UTI mara tatu, ingawa vipimo vilionyesha mkojo safi. Sasa sinywi maji mpaka nifunge biashara.

Marahaba, dada yangu. Kama mkojo ni safi, na sukari nayo ipimwe, basi hiki ni kibofu chenye pupa. Kibofu cha mtu mzima hujaa taratibu, msuli wake ukiwa umetulia, mpaka mililita 300 hadi 500. Wako unajikamua hata mkojo ukiwa kidogo. Ndiyo maana zile antibayotiki hazikufua dafu: hapakuwa na mdudu wa kuua.

Maji anza kunywa leo. Mkojo mzito wenye rangi ya chai hukichokoza kibofu, tena huikaribisha UTI ya kweli. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kidogo kidogo, na jua likiwa kali ongeza. Cha kupunguza ni chai na kahawa. Najua alfajiri ya sokoni bila kahawa ni adhabu, basi bakiza kikombe kimoja.

Kisha kifunze kibofu. Siku 3 andika saa unazokwenda chooni. Ukikuta ni kila baada ya saa moja, jipe saa moja na dakika 15; ukizoea, ongeza nyingine 15, hivyo hivyo mpaka saa 3. Haja ikikuvamia kabla ya wakati usikimbie, mbio huzidisha. Kaa, bana misuli ya chini kama mtu anayezuia kujamba, subiri makali yapungue, ndipo uende. Misuli hiyo hiyo ifanyie zoezi: bana, achia, mara 8, vipindi 3 kwa siku. Hata ukiwa unapaa samaki unaweza, nani atajua? Ratiba ya choo ipe wiki 6, zoezi miezi 3. Wengi huacha wiki ya pili, halafu wananiambia nimewadanganya.

Mimi ni mwalimu, Masasi. Mazoezi nimefanya miezi minne, bado. Safari ya basi kwenda Dar naiogopa. Dawa hakuna?

Zipo. Oksibutinini, tolterodini na solifenasini hulegeza msuli wa kibofu, lakini hukausha mdomo na kufunga choo, na wazee zinaweza kuwachanganya akili. Mirabegroni haikaushi mdomo kiasi hicho, ila haimfai mwenye presha kali isiyodhibitiwa. Usiingie duka la dawa ukajichagulia. Daktari lazima ajue kama una presha ya macho au mkojo hauishi vizuri. Siku ya safari acha chai ya asubuhi, na konda mwambie stendi, si mnapopita Nangurukuru umeshabanwa.

Nina miaka 70, Nachingwea. Usiku naamka mara nne, mkojo hauna nguvu, unakatikakatika. Mke wangu anasema uzee.

Shikamoo mzee wangu. Mkojo dhaifu wa kukatikakatika kwa mwanaume wa umri wako, mshukiwa wa kwanza ni tezi dume. Nenda hospitali upimwe, na sukari pia. Kama unameza dawa ya presha ile ya kukojosha, muulize daktari kama unaweza kuinywa asubuhi badala ya jioni. Mkojo ukigoma kabisa kutoka, usisubiri kuche.

Mwanangu wa miaka 11 anaoga bwawani. Anakojoa kila mara na mwishoni inatoka damu.

Hicho nakishuku ni kichocho, ukanda wetu huu wa pwani tunacho sana. Mpeleke apimwe mkojo. Dawa yake ni prazikwanteli, dozi hukadiriwa kwa uzito au urefu. Akirudi bwawani atakipata tena, na wenzake anaooga nao wapimwe.

Tangu nijifungue, uchungu ulichukua siku mbili, mkojo unavuja mfululizo bila hata kubanwa. Nimeacha kwenda kwenye shughuli za watu.

Pole sana, mama. Mazoezi niliyomwambia wa Mikindani hayakuhusu. Kuvuja mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na hushonwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, na neno la kwanza umwambie muuguzi ni hilo: ilianza nilipojifungua.