Kuhusu mabati ambayo hayajafika Arua

Ndugu zangu, tangu mwaka juzi mmekuwa mkiniuliza kwa nini mabati ya nyumba ya mama hayajafika, ilhali niko Marekani na ninafanya kazi, na shangazi ameuliza waziwazi kama nimeoa kwa siri. Sijaoa. Kila mwezi ninalipa deni la dola 300, ambazo kwa fedha za nyumbani zinapita shilingi milioni moja, na deni hilo limetokana na matibabu ya ulevi wangu.

Pombe ilinifukuzisha kazi, na kwa kuwa bima ya afya ya wafanyakazi wengi huku imefungamana na ajira, nayo ikakatika. Nikakata shauri kuacha kunywa peke yangu. Siku ya pili mikono ilitetemeka hata chai ikamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, na usiku nikaanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kufa. Ndiyo sababu, shangazi, nisingeweza kupanda ndege nije kutibiwa huko nyumbani, hospitali ya Butabika, kama ulivyotaka. Sheria ya huku ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zimhudumie mgonjwa aliye hatarini hata kama hana fedha, lakini haizuii kumdai baadaye. Nililazwa siku 6, nikahamia kituo cha kuachisha pombe kwa siku 28. Hospitali ilinidai dola 19,400, kituo dola 11,200.

Bahasha za madai zilikuja moja baada ya nyingine, nyeupe, zenye kidirisha cha plastiki ambamo jina langu lilisomeka, nami nikawa ninazitia kwenye droo ya jikoni bila kuzifungua. Niliona aibu. Aibu hiyo nusura inigharimu zaidi ya pombe yenyewe, kwa maana hospitali zisizogawana faida hupaswa kisheria kuwa na mpango wa kuwapunguzia wenye kipato kidogo, na mgonjwa ana siku 240 tangu ankara ya kwanza baada ya kutoka wodini kuwasilisha ombi. Ofisa wa ustawi wa jamii alipoketi nami tukazifungua bahasha zile, zilikuwa zimebaki siku 19. Tuliomba pia mchanganuo wa kila huduma, tukakuta kipimo kimoja kimeandikwa mara mbili, kikafutwa. Baada ya kupeleka hati za mshahara, hospitali ilishusha deni hadi dola 4,850. Kituo hakikupunguza chochote, ila kilikubali nilipe kwa awamu bila riba.

Sikuwaambia haya kwa sababu niliogopa mama angelia, na sasa ninaona kwamba kimya changu kimemfanya alie kwa sababu nyingine. Naomba mniwie radhi.

Nimelipa miezi 31, zimebaki dola 6,750, yaani takriban miaka miwili. Sinywi tena. Kuanzia mwezi ujao nimepata zamu ya Jumamosi, na mshahara wake, ambao ni mdogo, nitautuma wote kwa dawa za mama. Mabati tafadhali yangoje, na kaka azibe pale juu ya kitanda cha mama panapovuja kabla mvua hazijakolea.