Hesabu F, nataka kusomea meno: inawezekana?

Inawezekana, mdogo wangu. Shahada ya udaktari wa meno, kama ile ya Muhimbili, inaangalia fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita. Ukisoma PCB (yaani masomo hayo matatu) utakutana na BAM, somo la ziada la hesabu, ila haihesabiwi kwenye tahasusi. Mimi kinachonitia wasiwasi ni hiyo D yako ya fizikia, maana nafasi zinagombaniwa kweli. Usipochaguliwa kidato cha tano, ipo stashahada ya tabibu wa meno, miaka 3: wanataka ufaulu wa masomo hayohayo matatu katika kidato cha nne, hesabu ni nyongeza tu. Ila kupiga hesabu za dozi hukwepi: ganzi ya lignokaini ya 2% ina miligramu 20 kwa kila mililita. Anza kuzizoea sasa.