R50 au R6 Mark II kwa harusi za Tanga? Zote ninazo, nikwambie

Mdogo wangu, umeuliza hivi: pesa ya kununua kamera ya Canon R50 unayo mkononi, unataka kuanza kupiga harusi hapa Tanga, na wenzako wanakwambia R50 ni ya kuchezea, bora ukope ufike R6 Mark II. Zote mbili ninazo na zote mbili zimeshanitoa jasho, kwa hiyo jibu litakuwa refu. Mimina chai kabisa.

Kwanza ujue ninafanya kazi gani, maana ushauri wa kamera bila kujua kazi ni porojo. Mimi napiga shughuli za wanawake watupu: singo, usiku wa hina, kupamba. Ngamiani, Makorora, Chumbageni, mara moja moja Pangani. Mlangoni simu za wageni zinakusanywa kwenye kapu, na ndani kamera ni yangu peke yake. Hakuna mpigapicha wa pili, wala shangazi mwenye simu wa kuniokoa nikiharibu. R50 niliinunua mwaka ilipotoka, 2023. R6 Mark II, ambayo ilitangazwa kabla yake mwishoni mwa 2022, nimeipata baadaye kwa pesa ambayo R50 yenyewe ilinitafutia.

Sasa tuje kwenye kamera. Zote ni mirolesi, yaani hazina kile kioo cha ndani cha kamera za zamani, na zote zina megapikseli 24.2. Zilipotoka, bodi tupu ya R50, bila lenzi, iliuzwa Marekani dola 679 na ya R6 Mark II dola 2,499. Mchana, kwenye kivuli cha mti pale Raskazone, nimepiga sura ile ile kwa zote mbili nikawapa watu nyumbani waniambie ipi ya kamera gani. Wakabahatisha tu. Mimi mwenyewe nisingeweka alama ningebahatisha vilevile. Kwa hiyo anayekwambia R50 haitoi picha ya kumpa mteja, mwambie alete picha, asilete maneno.

Mambo hubadilika jua likizama. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya R6 Mark II ni milimita 36 kwa 24, ya R50 ni 22.3 kwa 14.9. Ukipiga hesabu ya eneo, ile kubwa ni mara 2.6 ya ndogo, kwa hiyo inakusanya mwanga mwingi zaidi. Nikupe mfano wa karibu. Mkono wa bi harusi umepakwa piko, mistari myembamba kama uzi inapanda kwenye vidole, ngozi ni maji ya kunde, na mwenye ukumbi amewasha zile taa zake za zambarau. Nikipiga kwa R50 kwenye ISO 6400, yaani nimeiongezea kamera wepesi wa kuhisi mwanga, chenga zinaingia katikati ya mistari na ua la piko linaonekana kama wino uliovuja. R6 Mark II kwenye ISO ile ile, uzi unabaki uzi.

Hapo ndipo wengi wanaposimama na kusema umeona, nunua kubwa. Ngoja kwanza. Lenzi inayokuja na R50 ni ile ya 18-45, na ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la mwanga ni f/6.3 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Nilipoitoa nikaweka 50mm ya f/1.8, ambayo ni katika lenzi za bei ya chini kabisa za RF, yaani za hizi Canon za mirolesi, mwanga unaoingia ukawa takriban mara kumi na mbili. Mara kumi na mbili kwa lenzi, mara 2.6 kwa sensa. Sikuamini mpaka nilipoona piko yangu imerudi. Tatizo la 50mm ni kwamba juu ya R50 inabana kama 80mm, na vyumba vya nyumba zetu za Ngamiani unavijua: kitanda, kabati, bi harusi, somo yake, na mimi nimebandikwa ukutani kama kalenda. Siku hizi kuna lenzi ya Sigma 18-50 ya f/2.8 inayoingia kwenye Canon, ilitoka 2024. Wakati naanza haikuwepo. Ingekuwepo, huenda nisingeharakia bodi ya pili.

Flashi. Hapa nisikilize vizuri, maana hiki hutakikuta kwenye tangazo. Nilitoka kwenye kamera ya zamani ya kioo nikiwa na flashi yangu nzima, nikajua nitaihamishia R50. Nikaipandisha juu, ikaingia bila shida, nikabonyeza. Kimya. Nikabadilisha betri za flashi. Kimya. Bi harusi ameshakaa kwenye kiti chake, ngoma inalia, mama mkubwa mmoja ananiuliza, "Mwanangu, vipi, umeme umekata humo ndani?" Kumbe R50 pale juu haina zile pini tano za flashi za zamani. Inataka kiunganishi chake, kinaitwa AD-E1, ndipo flashi ya kawaida iwake. Usiku ule niliokolewa na kale kaflashi kadogo kalikojengewa ndani ya R50. Tena cha kuchekesha, R6 Mark II, na bei yake yote, haina kaflashi hako. Yenyewe ina pini, inakutegemea uje na flashi yako.

Sasa kilichonifanya ninunue R6 Mark II. Hakikuwa picha.

R50 ina tundu moja la kadi. Usiku mmoja wa kupamba nilipiga mpaka saa sita, nikarudi nyumbani, nikachomeka kadi kwenye kompyuta, ikaniambia kadi haisomeki, niifomati. Nikaitoa nikaipuliza, nikairudisha. Vilevile. Mpigapicha wa mitaani angeamka asubuhi ampelekee fundi. Mimi fundi ninayemwamini ni mwanaume. Nimpe kadi yenye wanawake wasiopungua arobaini waliovua mabaibui, waliokuja wakijua hawaonwi na mtu? Nikakaa nayo mwenyewe, nikashusha programu ya kurudisha mafaili, siku mbili silali sawasawa. Ikarudisha picha za mwanzo, za wageni wanaingia. Bi harusi anatolewa, hazikurudi.

Nikaenda kwa mama yake. Nilikuwa nimeshajiandaa kurudisha pesa na kutukanwa. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Picha si hoja. Mimi nataka kujua ziko wapi." Nikamtolea kadi nikamkabidhi mkononi. Akaifunga kwenye ncha ya leso yake. Pesa nilirudisha, aliipokea.

R6 Mark II ina matundu mawili, na nimeipanga iandike picha zile zile kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi ikifa, ya pili ipo. Lakini usidhani ni nafuu tupu: sasa natembea na nakala mbili za siri za watu badala ya moja. Kadi ya pili haitoki kwenye kamera mpaka nifike nyumbani, inaingia kwenye kisanduku chenye kufuli, na nikishakabidhi kazi nazifomati zote. Mteja nikimweleza hilo ananipa kazi kabla hajauliza bei. Hajui hata jina la kamera.

Mengine nipite haraka. Betri ya R6 Mark II ina ujazo wa 2130 mAh, ya R50 ni 1040, na R50 kwenye shughuli ndefu naibadilisha betri mpaka mkono umezoea gizani. R6 Mark II ina magurudumu matatu na kakifimbo ka kusogeza fokasi, R50 ina gurudumu moja, kwa hiyo mambo mengi unayafanya kwa kugusa skrini. Ukishakariri si tatizo, ila mwezi wa kwanza utasonya. R6 Mark II ina utulivu ndani ya bodi, wa kuzuia mtikisiko wa mkono, na kwenye video ya kumfuata bi harusi akitembea, tofauti utaiona. Shata ya kimya zote wanayo, nami naitumia pale bi harusi anapoulizwa kama ameridhia, chumba kizima kimenyamaza. Chini ya taa za LED inaweza kukuchorea mistari kwenye picha, R50 zaidi, lakini hata kubwa haijapona. Jaribu taa za ukumbi kwanza.

Na chumvi yetu. R6 Mark II imezibwa vumbi na unyevu, R50 haikuzibwa hivyo, na kwenye boti za Pangani siitoi kabisa. Ila fangasi ya lenzi haijali bei. Unyevu wa huku ukiziacha lenzi kwenye begi kabatini miezi mitatu, utakuta utandu ndani ya kioo, ya ghali na ya rahisi sawasawa. Weka kwenye kontena lenye kifuniko na vile vipakiti vya kukausha, uvibadilishe.

Usidhani R50 nimeiweka kabatini. Na betri na kadi yake ina uzito wa gramu 375 hivi, nyingine ni 670, na hiyo ukiivisha lenzi ya 24-70 f/2.8 yenye gramu 900 umeshabeba kilo moja na nusu shingoni usiku kucha. Mabibi nikiwaelekezea ile kubwa wanakaza shingo kama wako kwa kadhi. Nikitoa R50 wanaendelea na umbea wao, na zile ndizo picha wanazonililia baadaye.

Kwa hiyo usikope. Kwa bei zile za mwanzo, bodi tatu za R50 zilikuwa bado chini ya bodi moja ya R6 Mark II, na kwa harusi, bodi mbili za kawaida nazithamini kuliko moja ya kifahari inayoweza kugoma katikati ya shughuli. Chukua R50, pesa ya kwanza itakayokuingizia iende kwenye lenzi ya f/2.8 na kadi nzuri kadhaa. Mpaka utakapopata kamera ya matundu mawili, badilisha kadi kila hatua: hina yake, kupamba yake, kumtoa yake. Ikifa moja, hujapoteza harusi nzima.

Halafu ukienda dukani beba flashi yako. Ipandishe juu ya R50 pale pale mbele ya muuzaji na AD-E1 yake, bonyeza, uione inawaka kwa macho yako, ndipo utoe pesa.