Kabla ya kuhesabu risiti, uliza nani anasonga bukari

Ninyi mnaoanza staji, yaani mafunzo ya kazi, katika ofisi za avoka (wakili) hapa Lubumbashi, dosie ya kwanza mtakayopewa huenda ikawa ya ajali. Gari limegonga mtu kandokando ya barabara. Kuna PV, yaani taarifa ya maandishi ya polisi, cheti cha daktari na bahasha ya risiti za dawa. Mtajumlisha risiti, mtaongeza mapato ya miezi aliyolala kitandani, kisha mwishoni mtaandika mstari mmoja: "pamoja na maumivu". Mimi nilifanya hivyo, na mtu aliyeumia ndiye aliyelipia kosa langu.

Alikuwa mama wa Katuba, muuza makala (makaa) ya kupikia, aliyevunjika bega la kulia. Nilimuuliza alitumia pesa ngapi na anaumwa kiasi gani. Siku mbili kabla ya kusikilizwa nilipita kwake kuchukua karatasi iliyobaki. Nikamkuta mjukuu wake, binti wa kama miaka kumi, amepiga magoti mbele ya jiko la mbabula anasonga bukari (ugali) kwa mikono miwili, huku mama amekaa kando anamwelekeza kwa kidole cha kushoto.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu ajali, mutoto yangu. Mwiko unanishinda. Wageni wakija naingia chumbani, sipendi waone."

Kisha akanionyesha anavyofunga kitenge: upande mmoja kwa mkono, upande mwingine kwa meno. Bintiye alikuwa amejifungua miezi mitatu nyuma, na yeye, bibi, hajambeba mtoto huyo mgongoni hata mara moja. Hayo yote hayakuwa katika maandishi yangu, wala sikuwa na shahidi wa kuyasema. Hakimu alitoa kiasi kimoja cha jumla, kidogo, na kwa dosie niliyompelekea hakuwa na sababu ya kutoa zaidi.

Sheria yetu inaacha mlango wazi. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha 3 cha sheria ya madai, cha tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema kitendo chochote cha mtu kinachomletea mwenzake hasara kinamlazimisha aliyekosea kuirekebisha. Hakitaji aina za hasara. Kuzitaja na kuzithibitisha ni kazi yenu. Kwa hasara isiyo na risiti, hakimu hukadiria "ex aequo et bono", yaani kwa anavyoona ni haki, na hawezi kukadiria asichoonyeshwa. Ndiyo maana siyapendi maombi ya "préjudices confondus", pale kila kitu kinapotupwa katika kapu moja. Tenganisheni: gharama, mapato, maumivu, kovu, na maisha yaliyopungua.

Kwa hilo la mwisho, acheni kuuliza "unaumwa wapi?" Mwombeni awapitishe katika siku yake tangu anapoamka. Analalia ubavu gani? Nani anateka maji? Anamwamkia mkwe wake kwa mkono upi? Kanisani bado anaimba akiwa amesimama? Kisha mrudie siku hiyohiyo kama ilivyokuwa kabla ya ajali, maana bila hiyo hakuna kipimo. Na msimpite mzee aliyestaafu Gécamines, kampuni ya migodi, kwa kuwa hana mshahara wa kupoteza. Kama alikuwa anakwenda shambani kwa baiskeli kila asubuhi na sasa anashinda mlangoni, amepoteza kitu kikubwa.

Rudini pia kwa daktari. Akiandika "consolidation", mgeni wa kazi anasoma "amepona". Maana yake ni kwamba hali imetulia na hakutegemewi nafuu kubwa zaidi. Yanayobaki hapo ndiyo ya kudumu. Mwombeni aandike kilichobaki kwa vitendo: hainui mkono kupita bega, hanyanyui ndoo.

Msiongeze chumvi. Kama mama alicheza kidogo kwenye ndoa ya mwanawe, semeni alicheza, na semeni kesho yake alilala siku nzima. Avoka wa upande wa pili akileta video ambayo ninyi mmeificha, hata ukweli wenu hautasikilizwa. Wala msidai kitu kimoja mara mbili: pesa ya kumlipa msichana wa kufua ni gharama, iwekeni huko.

Jambo la mwisho linaponyoka mbele ya macho. Mteja anasema kwa Kiswahili, karani anaandika kwa Kifaransa. Nimewahi kusikia mtu akieleza kwa dakika nzima jinsi anavyoshindwa kuvaa bila mke wake, na kwenye karatasi yakabaki maneno mawili: "douleurs persistantes", maumivu yanayoendelea. Simameni hapohapo, kwa heshima, mwombe hakimu sentensi iandikwe yote. Halafu ngojeni mpaka kalamu ya karani itulie ndipo mteja aendelee.